Nani Hufungua Lango la Sukari?

Ukitoka Dumila kwenda Morogoro mjini utapita Dakawa, penye majaruba yanayonyweshwa na Mto Wami. Mwaka 2019 mpunga wa huko ulishambuliwa vibaya na ugonjwa unaokausha majani. Vipimo vilionyesha kuwa bakteria aliyehusika, Xanthomonas oryzae, ni wa ukoo wa Asia, si yule aliyezoeleka Afrika.

Bakteria huyu hatafuni jani. Huishi ndani ya mishipa ya maji ya mmea, mahali penye chakula haba, kisha huufanya mpunga wenyewe umletee sukari.

Mpunga una jeni ziitwazo SWEET, zinazotengeneza protini za kutolea sukari nje ya seli. Jeni, kama lango la mfereji, haijifungui yenyewe. Mbele yake kuna kipande cha DNA kiitwacho promota. Protini za mmea hukitambua na kukishika. Mojawapo hutafuta herufi TATA, huikunja DNA pale pale, na wenzake humkaribisha RNA polimerasi, mnakili wa jeni. Hapo ndipo unukuzi huanza.

Bakteria huchomeka ndani ya seli protini yake mwenyewe, TAL, ikaishike promota hiyo kwa niaba yake. TAL ni msururu wa vipande vinavyofanana kama punje za tasbihi, kila kimoja kikiwa na amino asidi 34 hivi. Tofauti iko kwenye ya 12 na ya 13, na jozi hiyo ndiyo huamua herufi gani ya DNA itashikwa: histidini na asidi aspatiki huchagua C, asparajini na isoleusini A, asparajini na glisini T. Kipande kimoja, herufi moja. Fumbo hili lilifumbuliwa mwaka 2009, na kwangu hakuna protini nyingine inayosomeka waziwazi namna hii. Nyingi hutuacha tukibahatisha.

Bakteria wa Afrika hulenga promota ya SWEET14. Wale wa Dakawa, SWEET11a. Ndiyo maana watafiti walioishughulikia Komboka, mbegu inayolimwa Afrika Mashariki, walibadilisha herufi chache kwenye promota za jeni tatu za SWEET bila kuzigusa jeni zenyewe. Matokeo yalitoka mwaka 2023. Bakteria wa Dakawa alipowekwa kwenye mpunga huo, protini yake haikupata pa kushika, na sukari ikabaki ndani ya seli.