Tafsiri na Sharhi za Maandiko ya Kihindu kwa Kiswahili: Thamani Yake kwa Jamii ya Lugha Nyingi ya Dranya, West Nile

Ikisiri

Makala hii inafafanua thamani ya tafsiri na sharhi za maandiko ya Kihindu katika Kiswahili. Bhagavad Gita imechukuliwa kuwa matini ya mfano, na Dranya, kaunti ndogo ya wilaya ya Koboko nchini Uganda, kuwa mazingira ya mfano ya upokeaji. Hoja kuu ni kwamba tafsiri ya andiko hili isiyoambatana na sharhi haitoshi, kwa sababu mbili. Kwanza, istilahi za dini katika Kiswahili zimekwisha kubeba maana za Kiislamu na za Kikristo. Pili, mandhari ya andiko lenyewe ni vita baina ya ndugu, na wasomaji wa West Nile wanavijua vita kwa uzoefu. Makala inahitimishwa kwa mapendekezo manne kwa watafiti, wachapishaji na washauri wa sera ya lugha.

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Koboko, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Arua hadi mwaka 2005, inapakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudan Kusini. Katika ukanda huo ulimo Dranya, Kikakwa na Kilugbara vinaishi bega kwa bega ingawa havina nasaba moja: Kikakwa ni lugha ya Kiniloti cha Mashariki, na Kilugbara ni cha tawi la Kisudani cha Kati. Juu ya lugha hizo kuna Kinubi, Lingala na Kiswahili, zilizoenezwa na askari, wafanyabiashara na watu wanaovuka mpaka. Makazi ya wakimbizi ya Lobule, yaliyo katika wilaya hiyo hiyo, yamewapokea Wakongo ambao baadhi yao wanatumia Kiswahili kila siku.

Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kukitekeleza kwa vitendo, hasa shuleni. Maamuzi hayo yanaleta wajibu. Lugha rasmi haina budi kuwa na uwezo wa kueleza imani, sheria na fikra za raia wote, wakiwemo walio wachache. Wahindu wa Uganda ni miongoni mwa raia hao. Ndoa zao zina sheria yake tangu mwaka 1961, lakini mtaala wa shule za sekondari unatambua elimu ya dini ya Kikristo na ya Kiislamu pekee. Kwa hiyo kijana wa Koboko anaweza kumaliza masomo bila kukutana hata na ukurasa mmoja wa andiko la Kihindu katika lugha anayoielewa.

2.0 Ujirani usio na kitabu

Kabla ya mwaka 1972, maduka ya watu wenye asili ya Bara Hindi yalikuwa sehemu ya maisha ya miji ya Uganda, Arua ikiwemo. Wateja walilijua duka, bei na jina la mwenye duka. Ni wachache waliojua mwenye duka aliamini nini. Maandiko ya Wahindu yalibaki katika Kisanskriti, Kigujarati na Kihindi, na yalisomwa nyumbani na hekaluni. Hata msamiati wa mitaani ulificha tofauti: neno “Mhindi” lilimfunika Mhindu, Mwislamu wa Ismailia, Kalasinga na Mgoa Mkatoliki, kana kwamba asili ya mtu na imani yake ni kitu kimoja.

Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini katika muda wa siku 90. Kwa kuwa ukoo wa Amin upande wa baba ulikuwa wa Wakakwa wa Koboko, wilaya hii hutajwa mara nyingi historia hiyo inaposimuliwa, ingawa wakazi wake hawakuulizwa juu ya amri hiyo na baadaye walilipizwa kisasi kwa mambo wasiyoyaamua. Haingekuwa sahihi kudai kwamba tafsiri ya vitabu ingezuia amri ya 1972, kwani chimbuko lake lilikuwa siasa na uchumi. Linaloweza kusemwa ni dogo zaidi, na ni la kweli: amri ile iliwakuta majirani ambao kwa miongo mingi walikuwa wameuziana bidhaa bila kusomana. Waasia walipoalikwa kurejea Uganda tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, pengo hilo lilikuwa bado wazi.

3.0 Neno moja, kazi mbili

Kiswahili kina urithi unaosaidia kulielewa suala hili. Katika Kiarabu, tarjama ni kuhamisha matini kutoka lugha moja kwenda nyingine, na tafsiri ni kufafanua maana yake. Kiswahili cha leo kimelipa neno “tafsiri” kazi ya kwanza, lakini hakijalinyang’anya ya pili. Darsa la tafsiri misikitini, hasa mwezi wa Ramadhani, ni mahali ambapo aya husomwa na mwalimu akaifafanua kwa Kiswahili. Wasikilizaji hawategemei kupewa maneno matupu. Wanategemea kuelezwa.

Historia ya tafsiri za Kurani kwa Kiswahili inathibitisha jambo hilo. Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana wa Zanzibar, alichapisha tafsiri yake mwaka 1923 pamoja na maelezo. Mwaka 1953 ikatoka ya Mubarak Ahmad Ahmadi wa jumuiya ya Ahmadiyya, na mwaka 1969 ikakamilika ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ambaye maelezo yake yaliwajibu waliomtangulia. Mjadala mkubwa kati ya watu hawa ulikuwa katika maelezo kuliko katika matini. Hapo ndipo Kiswahili kilipojifunza kujenga hoja ya kidini kwa maandishi.

Upande wa Uhindu, sharhi ni ya kale kuliko tafsiri nyingi. Bhagavad Gita yenye sura 18 na takriban beti 700 ilifafanuliwa kwa Kisanskriti na Shankara, kisha Ramanuja, kisha Madhva, na kila mmoja akajenga juu yake mkondo wa fikra uliotofautiana na mingine. Dnyaneshwar aliifafanua kwa Kimarathi mwishoni mwa karne ya 13 ili wasiojua Kisanskriti wapate kuisikia. Wasomi wa Kiislamu nao walishiriki katika kuvusha maarifa haya: katika karne ya 11 Al-Biruni alikifasiri kwa Kiarabu kitabu cha yoga cha Patanjali pamoja na ufafanuzi, na mwaka 1657 mwanamfalme Dara Shikoh alikamilisha tafsiri ya Upanishadi 50 kwa Kiajemi. Tafsiri ya kwanza ya Gita kwa Kiingereza, ya Charles Wilkins, ilikuja baadaye sana, mwaka 1785.

Katika Afrika Mashariki, chama cha ISKCON, ambacho mwanzilishi wake A. C. Bhaktivedanta Swami Prabhupada alizuru Kenya mwaka 1971, kimeeneza Gita kwa Kiswahili kwa kufuata toleo la Kiingereza la mwanzilishi huyo. Toleo hilo lina faida kubwa, kwani ubeti huambatana na maana ya neno moja moja na ufafanuzi. Hata hivyo ufafanuzi huo ni wa mkondo mmoja, unaoweka mbele ibada ya upendo kwa Krishna. Msomaji asiyeambiwa hivyo ataudhania kuwa ndiyo sauti ya Uhindu mzima.

4.0 Istilahi tatu

Uzito wa sharhi huonekana wazi katika istilahi. Dharma ndilo neno linalofungua Gita. Kulitafsiri kwa “dini” ni rahisi, lakini “dini” katika Kiswahili ni kitu ambacho mtu huweza kuingia na kutoka. Dharma ni pana zaidi: ni mpango wa ulimwengu, haki, na wajibu unaomfunga mtu kwa nafasi yake. “Wajibu” unakamata sehemu moja, “uadilifu” nyingine, “ada” nyingine. Hakuna neno moja litakalotosha, na mfasiri anayechagua moja bila kueleza amemfungia msomaji milango mingine.

Istilahi ya pili ni atman. Sura ya 2 inazungumzia kile kikaacho mwilini, kisichozaliwa wala kufa, ambacho wafafanuzi wa Vedanta hukitambua kuwa ndicho atman. Hapo “roho” inafaa. Lakini sura ya 6 inapofundisha kwamba atman ya mtu huweza kuwa rafiki yake au adui yake, “roho” haitoshi, na “nafsi”, ambayo katika malezi ya Kiislamu ni kitu cha kupambanwa nacho, inakaa vizuri zaidi. Mfasiri akitumia maneno mawili, msomaji hataona uhusiano wa sehemu hizo. Akitumia moja, ataipotosha mojawapo. Ni sharhi pekee inayoweza kuutatua mgogoro huo.

Ya tatu ni yajna. “Kafara” huleta wazo la kuondoa nuksi au dhambi, “dhabihu” huleta kuchinja, na “sadaka” huleta kumpa maskini au kutoa kanisani. Sura ya 4 ya Gita inaorodhesha namna nyingi za yajna, zikiwemo kutoa mali, kudhibiti pumzi na kutafuta maarifa, na kuiweka ile ya maarifa juu ya ile ya mali. Kwa Walugbara, John Middleton alieleza katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1960 jinsi dhabihu kwa wahenga ilivyofungamana na mamlaka ya wazee na ugawaji wa nyama. Msikilizaji anayeyajua mapokeo hayo atakuwa na picha tayari. Sharhi nzuri haiifuti picha hiyo. Huianzia hapo, kisha ikaonyesha andiko linaelekea wapi.

Hatari ya kupuuza kazi hii si ya kinadharia. Okot p’Bitek alisimulia jinsi mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano walivyowauliza wazee wa Acholi, majirani wa West Nile ng’ambo ya Naili, ni nani aliyewaumba. Kwa kuwa swali lilifika kwao kama “nani aliyewafinyanga”, mzee mmoja alikumbuka maradhi yanayoupinda uti wa mgongo na kumtaja Rubanga, anayedhaniwa kuyasababisha. Rubanga likawa jina la Mungu wa Wakristo. Neno moja lisilofafanuliwa liliamua msamiati wa ibada kwa vizazi.

5.0 Vita vya ndugu mbele ya wasomaji walioviona vita

Suala zito kuliko istilahi ni mandhari. Gita inaanza uwanjani Kurukshetra, majeshi mawili ya jamaa wa ukoo mmoja yakiwa yamejipanga. Arjuna anawaona upande wa pili walimu wake, wajomba na binamu, anaishiwa nguvu na kuuweka chini upinde wake. Krishna, mwendesha gari lake la vita, anamhimiza asimame atimize wajibu.

Katika West Nile simulizi hii haina umbali wa hadithi. Baada ya kuanguka kwa serikali ya Amin mwaka 1979, watu wengi wa eneo hili walikimbilia Zaire na Sudan. Makundi ya waasi yalifuata, na mkataba kati ya Serikali na kundi la UNRF II ulitiwa saini Desemba 2002 tu. Msomaji wa Dranya aliyelelewa uhamishoni, au mkimbizi wa Lobule, akikabidhiwa tafsiri tupu, anaweza kuelewa kwamba andiko takatifu linamwamuru mtu kuwaua jamaa zake mradi ni wajibu wake.

Wafafanuzi hawakulikwepa swali hilo. Tilak, katika sharhi yake ya Kimarathi ya mwaka 1915, aliiona Gita kuwa wito wa kutenda duniani bila kutamani matunda ya tendo. Gandhi, aliyeitafsiri kwa Kigujarati, alishikilia kwamba Kurukshetra ni moyo wa binadamu, na kwamba anayeacha kweli tamaa ya matunda hawezi kuua. Nathuram Godse, aliyemuua Gandhi na kunyongwa mwaka 1949, naye alijinasibisha na mafundisho ya kitabu hicho hicho. Matini ilikuwa moja, na kilichotofautiana ni ufafanuzi. Kumnyima msomaji historia hiyo ya ufafanuzi ni kumwachia kitabu huku umemficha mabishano yaliyokifanya kiweze kuishi katika jamii.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, tafsiri za Kiswahili zitoke moja kwa moja kwenye Kisanskriti, kwa ushirikiano wa wanaisimu wa Kiswahili na wasomi wa jamii za Kihindu za Afrika Mashariki, na si kupitia Kiingereza pekee.

Pili, kila toleo litaje mkondo wa sharhi linaoufuata, na katika beti zenye utata lionyeshe angalau mikondo miwili mingine.

Tatu, istilahi za msingi zikusanywe na kujadiliwa chini ya Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Zitahitajika nje ya hekalu pia: siku hakimu au mkalimani atakapoeleza kwa Kiswahili hatua saba ambazo bwana na bibi arusi huzipiga mbele ya moto, atahitaji maneno yasiyoidhalilisha ndoa hiyo.

Nne, rasimu zijaribiwe kwa kusomwa kwa sauti katika maeneo yenye lugha nyingi kama Koboko. Kitabu cha Kiswahili kikifika Dranya hakiishii kwenye Kiswahili. Atakayekisoma atawaelezea wenzake kwa Kikakwa au Kilugbara, na sharhi ndiyo itakayomwongoza katika tafsiri hiyo ya pili, isiyoandikwa wala kuhaririwa na mtu.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba thamani ya tafsiri ya andiko la Kihindu haipimwi kwa idadi ya nakala, bali kwa kile ambacho msomaji wa mbali anawezeshwa kuelewa. Sharhi hufanya kazi tatu: huonyesha mipaka ya istilahi, hutaja mkondo unaozungumza, na humpa msomaji aliyeumizwa na vita njia zaidi ya moja ya kulisoma andiko linaloanzia vitani. Sera inayokitaka Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Uganda haina budi kuihesabu kazi hii miongoni mwa gharama zake, kwa kuwa raia hawezi kuheshimu imani ya jirani ambayo lugha ya taifa haijapata namna ya kuieleza.