Fahamu maana na muundo wa vikosi vidogo vya meli za kivita: Funzo la Ziwa Victoria

Omurushaka, Karagwe

Kikosi kidogo cha meli za kivita, ambacho wanamaji hukiita flotila, ni kundi la vyombo vyepesi vinavyotekeleza jukumu moja chini ya kamanda mmoja. Neno hilo lina asili ya Kihispania na maana yake ni kundi dogo la meli. Kwa wakazi wa Omurushaka, mji unaounganishwa na bandari ya Bukoba kwa barabara inayopita Kyaka, jambo hili si la bahari ya mbali, kwani ulinzi wa Ziwa Victoria uliugusa Mkoa wa Kagera moja kwa moja zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Muundo wa kikosi

Jeshi kubwa la majini huwa na manowari nzito zinazoweza kukaa baharini kwa muda mrefu. Kikosi kidogo hutegemea boti za doria, meli ndogo zenye mizinga na vyombo vya kubeba askari na shehena. Kila chombo huwa na nahodha wake, na manahodha wote hupokea amri kutoka kwa kamanda wa kikosi.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya nguvu ya kikosi iko nchi kavu. Kikosi huhitaji bandari ya maskani, karakana na chelezo cha kutengenezea meli, ghala la nishati na risasi, mtambo wa mawasiliano, pamoja na reli au barabara ya kufikisha mahitaji hayo. Kikikosa huduma hizo, meli moja ikiharibika huweza kudhoofisha kikosi kizima.

Ziwa Victoria, 1914 hadi 1916

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, ziwa hilo halikuwa na manowari. Waingereza walizifunga mizinga meli za Reli ya Uganda, zikiwemo Winifred, Nyanza, Usoga na Kavirondo, na kuzigeuza kuwa kikosi cha kivita. Maskani yake yalikuwa Kisumu, ambako reli kutoka Mombasa ilifika mwaka 1901 na ambako kulikuwa na karakana ya meli. Meli ya Sybil iliyokwama karibu na Majita mwishoni mwa 1914 iliokolewa mwaka uliofuata na kurejeshwa kazini.

Wajerumani walitegemea hasa tagi moja iliyoitwa Muansa. Reli ya kwenda Mwanza ilikuwa bado haijajengwa. Ilikamilika mwaka 1928. Kwa sababu hiyo, haikuwa rahisi kuongeza meli kubwa katika ziwa hilo.

Matokeo yake yalionekana Bukoba. Tarehe 22 Juni, 1915, askari waliotoka Kisumu kwa meli walishuka karibu na mji. Siku iliyofuata waliuteka, wakaharibu mtambo wa mawasiliano ya redio, mji ukaporwa, kisha wakaondoka kwa meli zilezile. Mwezi Julai 1916 meli hizo zilitumika tena katika operesheni ya kuiteka Mwanza.

Reli ya Kigoma na MV Liemba

Hali ilikuwa tofauti katika Ziwa Tanganyika. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, hivyo Wajerumani waliweza kusafirisha vipande vya meli ya Graf von Götzen iliyojengwa Ujerumani, wakaviunganisha Kigoma na kuishusha majini mwaka 1915. Waingereza walijibu kwa kuleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kupitia Afrika Kusini na Kongo kwa reli, mto na barabara. Tarehe 26 Desemba, 1915 boti hizo ziliiteka meli ya Kijerumani ya Kingani, na mwezi Februari 1916 Mimi ilishiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann.

Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe mwezi Julai 1916 ili isitekwe. Iliinuliwa mwaka 1924 na kurejea kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ikihudumia abiria na mizigo.

Majukumu ya sasa

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, na Tanzania inamiliki karibu nusu yake, sehemu nyingine zikiwa za Uganda na Kenya. Ulinzi wa mipaka ya nchi majini ni jukumu la Kamandi ya Wanamaji ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Kikosi cha Polisi Wanamaji hushughulikia uhalifu majini, na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) husimamia usalama wa vyombo vya usafiri majini.

Historia ya Bukoba inaonesha kuwa ulinzi wa ziwa hautegemei wingi wa meli pekee. Gati, karakana, reli na barabara, ikiwemo inayoiunganisha Omurushaka na ziwa, ni sehemu ya ulinzi huo, na utunzaji wake unamhusu kila mwananchi.