Kupima Kulika kwa Jiwe la Kunolea

Uwanda wa juu wa Ufipa ni nchi ya chuma tangu zamani. Tanuri ndefu za udongo ziitwazo malungu, ambamo Wafipa waliyeyusha mawe yenye chuma, zingali zikionekana hapa na pale. Leo chuma cha plau hutoka mbali, na fundi wa Sumbawanga hukinoa kwa jiwe la mviringo lizungushwalo na mota. Jiwe hilo nalo aghalabu hufika kwa barabara ndefu ipitiayo Tunduma. Basi si swali dogo kuuliza limelika kiasi gani, na kwa kazi gani.

Jiwe hili si la mlimani. Ni punje ngumu, mara nyingi za oksidi ya alumini, zilizoshikamanishwa kwa udongo uliochomwa. Punje ikiwa butu, msuguano huivunja au huing'oa, na nyingine kali hujitokeza. Kwa hiyo kulika si ugonjwa. Jiwe lisilolika hata kidogo hung'aa kama kioo, huichoma plau hadi ikageuka rangi ya samawati, na makali yake hayadumu.

Wengi hupima kipenyo kwa rula na kutosheka. Tuchukue jiwe lenye kipenyo cha milimita 200 na unene wa milimita 20. Likishuka hadi 190, limepoteza takriban sentimeta za ujazo 61. Likishuka kutoka 160 hadi 150, limepoteza 49 tu, ingawa rula yaonyesha milimita 10 zile zile. Mwanafunzi na athibitishe kwa kanuni ya mcheduara.

Kipimo cha haki ni ujazo wa chuma kilichoondolewa, ugawanywe kwa ujazo wa jiwe uliopotea. Plau hupimwa kwa mizani kabla na baada ya kunolewa. Kila gramu 7.8 zilizopungua ni sentimeta moja ya ujazo.

Tena, mota ikizunguka mara 2,850 kwa dakika, ukingo wa jiwe la milimita 200 hukimbia mita 30 hivi kwa sekunde. Wa milimita 150, mita 22 tu. Hapo kila punje humega kipande kinene zaidi, hivyo hung'oka upesi, na fundi humlaumu muuzaji bure. Lakini asitafute mota yenye kasi zaidi pasipo kusoma kikomo kilichoandikwa ubavuni mwa jiwe, kwani likikipita huweza kupasuka na kuua. Na kabla ya kulifunga, aligonge polepole kwa mpini wa mbao: jiwe zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa mlio mzito uliokatika.