Ushuru ni wa Chupa, Kijiko ni Chetu

Sisi watu wa pwani sukari tumeipa kazi mbili. Mshairi akimsifu mpenziwe humwita sukari, na mtu akipatwa na maradhi yale, twasema, "Ana sukari." Juma lililopita nilikuwa bara, Kitengela na Kajiado, nikaona kuwa mapenzi haya si yetu peke yetu.

Katika nyumba moja ya Kimaasai karibu na Kajiado nililetewa chai ya maziwa, tamu hata midomo ikagandana. Nilipoomba isiyotiwa sukari, mama mwenye nyumba alishangaa. "Mzee, mgeni hapewi chai tupu," akasema. Kwao, kama kwetu, sukari ni heshima.

Serikali imejaribu njia ya ushuru. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015 iliitoza soda kwa lita. Lakini lita haijui utamu: soda tamu na ile isiyo na sukari zilitozwa sawasawa. Basi mwenye kiwanda apunguze sukari kwa faida gani? Uingereza walifanya vingine. Aprili 2018 walianza kutoza vinywaji vilivyotiwa sukari ikafika gramu 5 kwa kila mililita 100, na vilivyofika gramu 8 vikatozwa zaidi. Viwanda vingi vilipunguza sukari hata kabla ya siku hiyo kufika. Wabunge wetu na waige hilo.

Lakini, ndugu msomaji, ushuru huishia dukani. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa ni bora mtu mzima asizidishe vijiko sita hivi vya chai vya sukari kwa siku. Chupa moja ya soda ya mililita 300 yatosha kuvimaliza. Hotelini Kitengela, kijana aliyekaa mbele yangu alitia vinne katika kikombe kimoja. Na sisi je, wakati wa futari, kwa kaimati, tambi za sukari na sharubati? Twafunga kutwa, kisha twafungua kwa israfu.

Hakuna mtoza ushuru atakayeingia jikoni mwetu. Tuidai serikali itoze sukari, si chupa, nasi tumuulize mgeni, "Nikutilie vijiko vingapi?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima, na huenda likamhifadhia mguu wake au macho yake.