Lala Kilwa Masoko usiku mmoja, utajua kwa nini mteja wa mkoani anasita

Wauzaji wenzangu mnaotuma mizigo mikoani, leo tuongelee Kilwa. Mwezi uliopita mimi na binamu yangu tulitoka Mikocheni na kigari chetu kwenda harusini Mtwara, tukaamua kulala Kilwa Masoko ili tusiendeshe usiku. Mji mdogo wa pwani, umetulia. Gesti zipo za kutosha, ila samaki wa kukaanga ukichelewa jioni unakuta wameisha.

Tukala chapati na maharage kwa mama mmoja karibu na stendi. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nauza mashuka na mapazia mtandaoni. Akacheka. "Nyie watu wa Dar, mwanangu, mnasema mzigo umefika. Umefika wapi?"

Ana haki. Mabasi mengi ya Lindi na Mtwara hayaingii Masoko, yanapita Nangurukuru kwenye barabara kuu, na kutoka pale mpaka Masoko ni kama kilomita 30. Ukimwandikia mteja "mzigo wako umefika Kilwa", mwenzio ndo kwanza anatafuta nauli ya kwenda na kurudi, au anamlipa bodaboda. Shuka ulilomuuzia 35,000 kwake si la 35,000 tena. Halafu Kilwa ziko tatu: Kivinje, Masoko, na Kisiwani ambako lazima uvuke kwa boti. Mteja akisema yupo Kilwa, muulize ipi. Kama ni Masoko, tafuta gari linaloingia mpaka Masoko kwenyewe, Mbagala yapo. Na umwambie gharama yote mpaka mkononi mwake kabla hajalipa, siyo baada.

Mama yule alishawahi kutuma hela Dar, akatumiwa picha ya risiti ya basi, mzigo hakuuona na namba ikawa haipatikani tena. Tangu siku hiyo yeye na wenzake 14 wa kikoba wananunua kwa dada mmoja tu wa Kariakoo. Nililinganisha bei palepale kwenye simu. Za huyo dada ziko juu kuliko zangu! Lakini akituma, anapiga picha mzigo ukiwa mkononi mwa konda, namba ya gari inaonekana, anaweka na simu ya konda, na jioni anapiga mwenyewe kuuliza kama umepokelewa. Wanawake 15, mashuka, madera, vyombo, Idi zote mbili. Piga hesabu.

Kuna kitu kingine kilinichekesha. Sisi tunavyojisifu na mzigo wa China, kumbe Kisiwani, pale ng'ambo tu, kwenye magofu wamechimbua vipande vya vyombo vya China vya karne nyingi nyuma. Kilwa ilitengeneza sarafu zake yenyewe, dhahabu ya Sofala ilipitia hapo, na Ibn Battuta alifika mwaka 1331. Wafanyabiashara wa majahazi walikuja na kaskazi, wakangoja kusi ndo warudi kwao. Yaani muuzaji anakaa na wateja wake miezi, ukimuuzia mtu kitu kibovu mnakutana kesho yake msikitini. Leo tunablokiana tu. Magofu hayo yapo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981. Ukipata nusu siku, vuka, ila kibali unakata Masoko kabla ya kupanda boti.

La mwisho kwa mnaotuma kusini ni masika. Mei 2024, kipindi cha Kimbunga Hidaya, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakakwama huku na huku. Kwa hiyo kuanzia Machi usimwahidi mteja wa Kilwa, Lindi au Mtwara kwamba "kesho unapata". Piga simu kwanza kwa konda, ujue njia ikoje, ndo upokee hela.