Thrush: manowari ndogo iliyolipiga kasri la Unguja

Kwamba vita vya Unguja vya tarehe 27 Agosti 1896 vilidumu dakika zipatazo 38, wengi wanajua. Je, wajua kwamba moja ya manowari zilizofyatua mizinga ya kwanza asubuhi ile haikuwa na chuma cha kujikinga ubavuni, na ngozi yake ilikuwa ya mbao, kama jahazi?

Iliitwa Thrush, jina la ndege mdogo mwimbaji wa Ulaya. Ilishushwa majini mwaka 1889 huko Greenock, Scotland, ikiwa moja ya meli 9 za aina moja, zote zenye majina ya ndege. Urefu wake ulikuwa kama mita 50, yaani nusu ya uwanja wa mpira, na uzito tani 805. Ilibeba watu wapatao 76 na mizinga 6 ya inchi 4. Ikipambana na manowari kubwa ya Ufaransa au Urusi isingemaliza robo saa. Lakini haikuundwa kwa kazi hiyo. Iliundwa kwa ajili ya pwani za mbali, mbele ya watawala wasiokuwa na meli za kujibu.

Ukiijua kazi hiyo, mbao zake zinaeleweka. Nahodha yeyote wa pwani yetu anajua kwamba chombo kikikaa majini, chini huota mwani na kushikwa na viumbe vya baharini, kikawa kizito kama kinakokota nanga. Ndiyo maana majahazi hupandishwa pwani yakapakwa deheni. Waingereza walitumia shaba: sumu yake huzuia viumbe hao kushika. Tatizo ni kwamba shaba ikigusana na chuma ndani ya maji ya chumvi, chuma huliwa haraka. Basi wakaunda mataruma ya chuma, wakayavika mbao, kisha nje ya mbao hizo, sehemu iliyozama majini, wakapigilia mabamba ya shaba. Mbao zikatenganisha metali hizo mbili. Naiona ni akili kubwa ya ufundi. Meli ya namna hiyo iliweza kukaa muda mrefu kwenye maji ya joto, mbali na gati za kusafishia.

Injini yake ya mvuke iliipa mwendo wa noti 13 hivi, na matanga yalibaki milingotini ili kuokoa makaa ya mawe. Ilihitaji maji ya kina cha mita 4 tu, ikaweza kusogea karibu na nchi kavu.

Nahodha wake wa kwanza, mwaka 1890, alikuwa mjukuu wa Malkia Victoria, yule aliyekuja kuwa Mfalme George wa Tano.

Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid bin Barghash akakalia kasri ili awe sultani badala yake, bila idhini ya Waingereza. Akapewa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 aondoke. Saa tatu na dakika mbili manowari za Waingereza Thrush, Racoon na Sparrow zikaanza kulipiga kasri, jengo ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa ya mbao na ndani yake walikuwamo maelfu ya watu. Thrush ilizamisha pia boti mbili za mvuke. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa upande wa Khalid. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja tu, wa Thrush hiyohiyo, naye akapona. Inaniuma kuona tukio hili likisimuliwa kama chemshabongo ya vita vifupi kuliko vyote duniani, bila hao 500 kutajwa.

Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani, kisha akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimkamata huko Afrika Mashariki mwaka 1916, wakampeleka uhamishoni. Thrush, ambayo wakati huo ilikuwa imegeuzwa meli ya uokoaji, ilivunjika karibu na Glenarm, Ireland, tarehe 11 Aprili 1917. Khalid aliruhusiwa baadaye kurudi Afrika Mashariki, akafariki Mombasa mwaka 1927.