Distempa ya Mbwa: Virusi Vinavyoshambulia Kinga

Distempa ya mbwa husababishwa na virusi vyenye undugu wa karibu na virusi vya surua ya binadamu na vya sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Virusi hivyo husambaa zaidi kwa matone ya kikohozi na chafya, na mbwa anapoyavuta huingia katika tezi za limfu, ambako huangamiza limfosaiti, yaani chembechembe nyeupe za damu zinazoongoza ulinzi wa mwili.

Kwa kuwa kinga ndiyo inayopigwa kwanza, maradhi mengine hupata nafasi: homa hupanda, makamasi na tongotongo huwa mazito, mbwa hukohoa, hutapika na kuharisha, na mara nyingi bakteria humletea nimonia. Baadhi ya wanaoonekana kupata nafuu hupatwa baadaye na degedege, misuli kutikisika au kupooza, kwa sababu virusi vimekwisha kufika kwenye ubongo. Hakuna dawa inayoviua. Antibayotiki hupambana na bakteria tu, huku maji na lishe vikimsaidia mgonjwa kustahimili.

Ukubwa wa hatari hiyo, ambayo haiwakumbi mbwa pekee, ulidhihirika katika Hifadhi ya Serengeti mwaka 1994, pale distempa ilipoua takriban theluthi moja ya simba wa hifadhi hiyo. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba ukame wa mwaka 1993 ulikuwa umewadhoofisha nyati na kuwajaza kupe, hivyo simba waliowala walilemewa na babesia, vimelea vya damu vinavyoenezwa na kupe, ambavyo vilishamiri zaidi virusi vilipodhoofisha kinga.

Kinga ya uhakika ni chanjo, lakini muda wake unahitaji uangalifu, kwani kingamwili, yaani protini za ulinzi ambazo mtoto wa mbwa huzipata katika dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, humlinda kwa wiki kadhaa na wakati huohuo huweza kuizuia chanjo isifanye kazi. Ndiyo maana chanjo huanza katika wiki ya 6 hadi ya 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka angalau wiki ya 16. Mfugaji anayeishia kwenye dozi ya kwanza humwacha mbwa wake hatarini katika umri ambao ugonjwa huu huua kwa wepesi zaidi.